Masikio ya Kapteni

Kama kuna kazi isiyo na shukrani duniani, ni kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Fundi wa redio wa kampuni ile ndogo ya ndege aliijua kazi hiyo barabara, maana alimfanyia mtu ambaye hakuweza kumwambia ukweli hata kwa dawa: baba mkwe wake.

Kampuni yenyewe usiifikirie kubwa. Ilikuwa ndege moja ya injini moja na viti sita, banda la mabati pembeni mwa uwanja, na ofisi ambayo mlango wake ulifungwa kwa kuegemezewa kiti. Mzee ndiye aliyekuwa rubani, na watu wote, mpaka mkewe, walimwita Kapteni. Mwanawe alikaa ofisini kupokea abiria na kupima mizigo. Mke wa huyo mwana ndiye fundi tunayemsema. Alisomea redio za ndege kabla ya kuolewa, na alipoolewa watu walisema familia ile imepata bahati ya mtende. Yeye bahati yake iko wapi, hilo hakuna aliyeliuliza.

Sasa, wakati mambo haya yanaanza, fundi alikuwa mtu wa kuondoka. Mwalimu wake wa zamani, mama mmoja mkali aliyekuwa mkuu wa karakana ya redio kwenye uwanja mkubwa wa mji mwingine, alimwekea nafasi. Meza yake ipo, vifaa vyake vipo, aje tu. Mumewe alikubali, na walishapanga kwamba atatangulia yeye, kisha mume atafuata. Lilibaki jambo moja dogo. Mume alisema, amalizie kwanza redio ya baba, ndipo aende kwa amani.

Redio ya baba ilikuwa hivi. Asubuhi moja fundi alisimama nje ya banda na redio ya mkononi, akamsikia mwongozaji wa mnarani akimwambia Kapteni asimame, asiingie kwenye njia ya kurukia, kuna ndege inatua. Maneno yalitoka safi kabisa. Kapteni akaingia. Mwongozaji akarudia kwa sauti iliyopanda, na Kapteni akaendelea taratibu kama mtu anayekatiza uani kwake. Ile ndege iliyokuwa inatua ikavuta juu ghafla ikampita kichwani, na abiria waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakainama wote, wengine hawajui hata wanainamia nini.

Kapteni alipoitwa kwa ishara za taa na kurudishwa, alishuka, akanyoosha shati lake, akasema redio imekufa. Wote wakageuka wakamtazama fundi.

Jamani, redio ile aliipima mwenyewe alfajiri. Alikuwa ameisikia kwa masikio yake mawili. Lakini utasimamaje mbele za watu umwambie baba mkwe wako, mzee aliyekulipia mahari kwa mkono wake na kukupokea mlangoni, kwamba anasema uongo? Akainamisha macho. Akasema ataiangalia. Akadhani amekwepa aibu ya siku moja, kumbe ametia mguu kwenye mtego, na mtego wenyewe umetegwa kwa adabu.

Watu hudhani kuchagua redio ya ndege ndogo ni kama kuchagua ya sebuleni: unaangalia inayong'aa. Fundi alikaa na kazi ile kwa uaminifu, na huo ndio ulikuwa ujinga wake. Alipima tundu la kwenye dashibodi, upana na kina, maana nyuma yake zinapita kamba za usukani, na redio ndefu ikizigusa basi hamna ndege tena, mna jeneza lenye mabawa. Alihesabu umeme inaokula, ili jenereta isije ikazidiwa siku ya mawingu wakati taa zote zinawaka. Alitaka tarakimu zinazosomeka jua likipiga kiooni, na kitufe kikubwa ambacho mkono wa mzee utakipata hata ndege ikitikiswa. Alitaka inayoweza kusikiliza mnara mmoja huku inatega sikio kwa mwingine. Akaipata. Akaifunga, akabadilisha antena, akazihamisha nyaya zote mbali na nyaya za plagi za injini ili zisilete mikwaruzo.

Kapteni akaruka nayo, akarudi, akasema afadhali. Juma lililofuata akasema si afadhali sana. Halafu akasema antena ndiyo mbovu. Halafu hedfoni. Halafu akawasema vijana wa mnarani siku hizi, kwamba wanaongea kama wanatafuna. Kila kitu ndani ya ndege ile kilishtakiwa isipokuwa kile kilichokuwa ndani ya kofia yake.

Siku ambayo fundi alijua kwa hakika, hakuwa akitafuta kujua. Kapteni alikuwa amesimama katikati ya banda akifuta kioo, amewapa mgongo, na fundi akaangusha boksi la spana kwenye sakafu ya saruji. Njiwa waliokuwa darini walitoka wote. Mlinzi wa getini alikuja mbio. Kapteni akaendelea kufuta kioo chake, taratibu, akipiga mluzi. Fundi aliinama akaanza kuokota spana moja moja, na alijua kwamba hakuna redio atakayoichagua, hata ingeteremshwa kutoka mbinguni, itakayompeleka kwenye ile meza yake.

Alimwambia mumewe jioni. Alijiandaa kwa ubishi, pengine kwa hasira. Mume akavua viatu, akasema anajua. Mama anajua. Dada anajua. Hata daktari wa kuwapima marubani anajua, ila yeye na Kapteni wamezeeka pamoja, na kila mwaka anamnong'onezea maswali yale yale mgongoni, habari za nyumbani, habari za kazi, na Kapteni anajibu yale yale. Fundi akauliza, sasa kama wote mnajua, mimi nabadilisha redio za nini?

Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile. Mezani walimzungumzia mzee mbele yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku wanampitishia chumvi. Leo ameonekana mchovu, leo macho mekundu, leo amegombana tena na watu wa mafuta. Yeye anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Lakini kumwambia usoni, hakuna. Ile methali ya sikio la kufa ilikuwa imepigwa marufuku humo ndani bila mtu kuipiga. Wangesema nini? Kwamba ndege ni yeye na yeye ndiye ndege, akishuka kwenye kile kiti watamzika kabla ya mwaka kwisha? Hicho ndicho walichokiogopa. Basi wakafunika kombe mwanaharamu apite, na kombe likawekwa juu ya kichwa cha mkamwana.

Wazo la intakomu, kile chombo cha kusemezana ndani ya ndege kwa hedfoni, lilikuwa la nani, baadaye kila mtu alimpa mwenzake. Ukweli ni kwamba mume ndiye aliyelitamka, na fundi ndiye aliyelifanya lifanikiwe, na katika hayo mawili la pili ndilo baya zaidi. Mume alisema, kama baba hasikii mnara, basi akae mtu karibu naye amrudilie kila neno lao. Kuajiri rubani kijana haiwezekani, mgeni atatoa siri. Mume mwenyewe ndege ikiinama kidogo tu anatapika. Dada ana mtoto mchanga. Wakamtazama fundi. Kwa muda mfupi tu, walisema, mpaka apatikane mwingine.

Fundi alikubali kwa sababu ya wale abiria walioinama kwenye benchi. Hili lazima lisemwe, asije akaonekana mjinga mtupu. Alijua mzee ataruka tu, pamoja naye au bila yeye, na bila yeye kuna siku watu hawatawahi kuinama.

Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi nusu nusu, alichagua intakomu kama anayechagua mchumba. Zile za kubonyeza ndipo uongee alizikataa, maana mikono ya mzee ina kazi. Zile zinazofunguka zenyewe mtu akitoa sauti, nyingine zinakata neno la kwanza, na neno la kwanza mnarani ndilo jina lako. Alitafuta inayofunguka upesi. Alitaka kila kiti kiwe na kitufe chake cha kurekebisha sauti, maana alishaelewa jambo moja: asiyepata maneno, ukimwongezea sauti unamwongezea kelele tu. Sauti za mnarani kwa mzee zilikuwa uji. Lakini sauti ya mtu anayemjua, anayesema polepole, iliyopunguzwa ukali na kutiliwa uzito kidogo, hiyo ilipenya. Akairekebisha sauti yake mwenyewe jioni baada ya jioni, mpaka mzee akageuka na kusema, sasa naona umepata redio. Mwisho akatenga viti vya mbele na vya nyuma, ili abiria wasimsikie mkamwana akimfundisha Kapteni maneno kama mtoto wa chekechea. Hiyo haikuwa lazima kiufundi. Alifanya kumlindia mzee heshima yake.

Ilifanya kazi vizuri mno. Mnara ukisema, fundi anarudia kwenye intakomu, Kapteni anabonyeza na kujibu kwa ile sauti yake nzito ya miaka yote. Mnarani wakasema mzee amepata redio mpya ya maana. Rubani mmoja wa kampuni jirani akaja kuuliza ni aina gani, naye aweke. Fundi alimtajia aina, moyo unamuuma.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kile kiti cha kulia kilikuwa chembamba, mlango unagusa bega, mkanda unabana kifua, na mbele yake usukani unaosogea ambao haruhusiwi kuugusa wala hajui kuutumia. Kila siku ya safari alikuwa humo. Mkanda ukibofya, alihisi pumzi inafupika. Hakuweza kusinzia, hakuweza kuwaza yake, maana kila neno la mnara lilipitia kwake, na moja likimponyoka ni roho za watu. Hata mafua hakuruhusiwa kuugua. Mama mkwe alimkataza maji baridi, akamchemshia chai ya asali kila alfajiri, akakaa kumtazama mpaka aimalize, kwa upendo wa kweli kabisa. Akikohoa mara moja, nyumba nzima inageuka. Ndiyo kwanza aelewe kwamba mtu anaweza kutunzwa kama yai na bado akawa mfungwa.

Na yule mwingine wa kushika nafasi yake hakutafutwa. Akiuliza, anaambiwa subiri msimu upite. Msimu ukipita, anaambiwa subiri wageni wapungue. Mwalimu wake alimpigia simu akamwambia kwa kifupi kama kawaida yake: meza haiwezi kukaa tupu, mwisho wa mwezi asipofika atapewa mwingine. Fundi alimwomba mumewe aende akaseme na baba. Mume akasema baba atavunjika moyo, mwambie wewe, wewe ndiye anayekusikia.

Hilo lilikuwa kweli, na lilimtisha. Nyumbani usingeweza kumwambia Kapteni jambo lolote la maana bila kupiga kelele, na nani atampigia kelele baba mkwe? Mahali pekee duniani alipoweza kusema naye kwa adabu akasikika palikuwa kule juu.

Basi alingoja siku ambayo walishusha abiria na kurudi watupu. Ilikuwa mchana mweupe, hewa imetulia, uwanja wao unaonekana kwa mbali. Fundi aliwasha kila kitu sawasawa, akameza mate.

"Baba, naomba ruhusa yako. Nimepata kazi mji mwingine. Mwisho wa mwezi nataka niende."

Kapteni hakugeuka. Aligusa gurudumu la kusawazisha ndege kidogo, ingawa haikuhitaji.

"Unadhani sijui?" alisema. "Siku ile ya ndege iliyonipita kichwani, nilijua. Redio haikuwa mbovu. Na ile uliyoweka baadaye haikuwa mbovu. Zote nilijua."

Fundi alikumbuka nyaya alizozihamisha usiku na mchana, alama za kuunguzwa vidole na risasi ya kulehemu, antena, hedfoni, vyote. Mzee alimtazama akizunguka kwenye kazi ile kama ng'ombe kwenye kinu, na alijua hakuna anachokisaga.

"Nilikuwa nakupa kazi ili usiseme," Kapteni akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Nisamehe, mwanangu. Mke wangu simsikii. Wanangu siwasikii, naona midomo tu. Wewe ukiwa hapo pembeni ndiyo nasikia mtu. Ukiondoka, hapa ndipo mwisho wangu. Kaa. Usiwaambie."

Hasira zilimpanda fundi mpaka machozi yakamtoka, kisha ikaja huruma, na huruma ndiyo iliyombana zaidi ya mkanda. Hasira ina mlango, unaweza kutoka nayo. Huruma ilimfungia pale pale kitini. Alijiona akizeeka humo, nywele zikiwa nyeupe chini ya hedfoni, mkononi ana kikombe cha chai ya asali.

Mnara ukaita. Ulitaja jina la ndege yao, ukawataka wapunguze mwendo na waseme umbali waliobakiza, kwa kuwa mbele yao kuna ndege ndogo ya mwanafunzi anayeruka peke yake kwa mara ya kwanza. Kapteni aliona taa ya redio ikiwaka. Akainamisha kichwa kidogo upande wa fundi, kama alivyozoea, akisubiri apewe maneno yake.

Fundi hakumpa. Alimwona yule mwanafunzi kwa macho, kidoa cheupe chini mbele yao. Angeweza kunyamaza mpaka watue, kisha aende ofisini kwa wale wa mnarani akawanong'onezee nyuma ya mgongo wa mzee. Asingesikia. Lakini hivyo ndivyo wote walivyomfanyia mtu yule, walimsema akiwepo. Na sauti pekee anayoisikia ni hii. Akaweka kidole kwenye kitufe cha upande wake, kile cha kuongea na mnara, ambacho tangu akifunge hakuwahi kukibonyeza, akakibonyeza.

"Mnara, hapa ni fundi, nipo kiti cha kulia," alisema polepole, vile vile alivyozoea kumsemesha mzee. "Rubani wetu hasikii. Hajawasikia kwa muda mrefu. Mimi ndiye ninayemrudilia. Tupo nyuma ya mwanafunzi na tunamwona. Tafadhali mwondoeni njiani, tutue."

Kila neno lilipita kwenye hedfoni za Kapteni, safi. Fundi aliona mikono yake ikikaza kwenye usukani, na kwa sekunde chache aliogopa. Halafu mzee akapunguza injini. Akamkwepa mwanafunzi kwa upana, akaiweka ndege sawa na njia, kwa ustadi ule ule uliomfanya aitwe Kapteni kabla fundi hajazaliwa.

Kisha kutoka mnarani ikaja sauti, si ya yule kijana wa siku zote. Ilikuwa ya mkuu wao mwenyewe, na ilisema mambo marefu, bila ukali, lakini bila kupunguza kitu.

Taa ya redio iliwaka muda wote huo, ikazimika. Kapteni hakuwa amepata hata neno moja. Alinyoosha mkono akashusha mabawa madogo ya kupunguza mwendo mpaka kwenye alama, akaangalia vipimo vyake, vyote vizuri. Machozi yalikuwa yamemshuka mpaka kwenye maiki. Akainamisha kichwa upande wa kulia.

"Wamesema nini, mwanangu?"

Fundi alishusha pumzi. Akasogeza maiki karibu na midomo, akaanza kumrudilia.

"Wamesema njia ni yako, tua. Wamesema ukishatua uegeshe mbele ya ofisi yao, uzime injini, umkabidhi mkuu leseni yako." Akaendelea polepole ili asipoteze hata neno moja. "Wamesema hutaruka tena, Baba."